Gavana wa jirani: namna ya kumpima mgombea wa Kwale ukiwa umekaa Tanga

Mimi ni muuza machungwa. Nanunua Muheza, nauza Kwale na soko la Kongowea kule Mombasa, nchini Kenya, na kazi hii niliianza mtoto wangu wa kwanza akiwa darasa la tatu. Leo ana watoto wake wawili. Baba alikuwa mtu wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Mama, Mungu amrehemu, alitoka Vanga, ng'ambo ya mpaka. Na mpaka wenyewe kwetu sisi Wadigo ni kama ukuta wa makuti: unauona, lakini sauti zinapita.

Basi uchaguzi wa Kenya ukikaribia, simu yangu haipoi. Wa kule huniuliza, "Dada, nyie mko pembeni, mnaona vizuri kuliko sisi, tumpe nani?" Wa huku huniuliza jambo jingine kabisa: "Hivi huyo gavana ndiye mkuu wa mkoa wao?" Nimeyajibu maswali yote mawili mpaka mate yamenikauka. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii asome.

Sitakwambia mtu wa kumchagua. Kura kule sina, na hata ningekuwa nayo ningenyamaza. Nitakuonyesha ninavyomsikiliza mgombea, kwa sababu gavana anayekaa Kwale au Mombasa anaingia kwenye faida yangu kuliko wanasiasa wengi ninaowapigia kura mwenyewe.

Gavana na mkuu wa mkoa

Mkuu wa mkoa wetu anateuliwa na Rais. Akisikia redioni jioni kwamba amehamishiwa Rukwa, anafunga mizigo. Sisi watu wa Tanga hatukumpigia kura, na kwa kura hatuwezi kumwondoa. Gavana wa Kenya anaingia kwa kura za watu wa kaunti yake, na Rais hawezi kumhamisha kama anavyohamisha ofisa wake. Mambo haya yaliletwa na Katiba ya mwaka 2010, iliyogawa kazi za serikali kati ya Nairobi na kaunti 47, maeneo ambayo ukiyafananisha na mikoa yetu utaelewa. Magavana wa kwanza waliingia Machi 2013, ikafuata 2017, kisha 2022, na sasa wanaelekea Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe hiyo hakuipanga mwanasiasa yeyote. Katiba yao imeandika: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano.

Siku hiyo ndugu yako wa Lunga Lunga hapewi karatasi 3 kama sisi huku Bara. Anapewa 6: ya Rais, ya gavana, ya seneta (anayeiwakilisha kaunti kwenye Seneti, bunge lao la pili), ya mbunge, ya mwakilishi wa kike wa kaunti, na ya mwakilishi wa wadi, ambaye ukimfananisha na diwani wetu hujakosea sana. Usimcheke akichanganya nani kaahidi nini. Watu 6 wanapita kwenye uwanja uleule, juu ya gari lilelile, na kila mmoja anaahidi maji.

Jambo moja la hesabu ambalo wengi huku hawalijui: mshindi wa ugavana hahitaji kufikisha nusu ya kura. Anayeongoza ndiye, hata akimpita mwenzake kwa kura 1. Duru ya pili ni ya urais tu. Kwa hiyo wagombea wakiwa 7 au 8, mtu anaweza kuingia ofisini akiwa amekataliwa na wengi, mradi waliomkataa wamegawanyika. Ukisikia mtu anamfadhili mgombea mdogo asiye na dalili ya kushinda, usishangae. Pengine anayesaidiwa ni mwingine.

Chora mistari kwenye daftari

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo penye kazi.

Siku moja mtoto wa mjomba alinitumia sauti ya dakika 4 kutoka Vanga. Alikuwa harusini. Mmoja wa wanaoutaka ugavana alikuja, akala pilau, akaomba kipaza sauti "asalimie tu." Unazijua salamu hizo. Nyuma yake unasikia sufuria zinakwaruzwa na mtoto analia, na yeye anamwaga ahadi. Nilisikiliza mara 3 nikiwa nimeshika daftari langu la machungwa, lile ninaloandikia matenga na madeni. Nilifungua ukurasa mweupe nikachora mistari miwili ya wima, zikapatikana safu 3. Juu ya safu ya kwanza niliandika LAKE. Ya pili, SI LAKE. Ya tatu niliiacha bila jina.

Ahadi zilikuwa 7. Daraja la Likoni watu waache kuteseka na kivuko. Vijana wa Vanga kuingizwa polisi. Walimu zaidi wa sekondari. Hati za mashamba. Dawa zisikosekane hospitali ya Msambweni. Maji ya bomba. Soko la samaki lenye barafu.

Sasa zipange. Kivuko cha Likoni kiko chini ya serikali ya taifa, na daraja nalo hivyohivyo. Polisi ni wa taifa. Shule za msingi na sekondari, na walimu wake, ni za taifa. Gavana ana chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hati za ardhi hutolewa na serikali ya taifa, ingawa mipango ya matumizi ya ardhi kaunti inahusika. Hizo ni 4 upande wa SI LAKE. Zilizobaki 3 ni zake hasa: hospitali ya kaunti, maji, soko.

Kwa hiyo mtu amesimama dakika 4 na zaidi ya nusu ya maneno yake yalikuwa juu ya kazi asiyoiomba. Simwiti mwongo. Huenda na yeye hajaisoma orodha. Lakini kijana akija kwangu kuomba kazi ya kupakia machungwa, akanieleza atakavyonijengea meli, nitamtazama mara mbili.

Orodha yenyewe imo kwenye Jedwali la 4 la Katiba yao, sehemu ya pili. Nimeikariri kwa lugha ya sokoni. Ya gavana ni: hospitali za kaunti, vituo vya afya, zahanati na gari la wagonjwa, masoko na leseni za biashara, kilimo, mifugo, uvuvi, barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, maji na usafi, machinjio, chekechea na vyuo vya ufundi, zimamoto na maafa, utalii wa ndani ya kaunti. Yasiyo yake ni polisi, jeshi, uhamiaji, bandari, barabara kuu, shule za msingi mpaka vyuo vikuu, na madini. Hili la madini lishike, kwa sababu Kwale litasemwa sana. Mgodi wa titani ulifungwa mwishoni mwa 2024, kazi zikaondoka nao, na kila atakayepanda jukwaani atataka kusema "nitaufungua." Leseni ya kuchimba haitoki ofisini kwa gavana.

Na ile safu ya tatu isiyo na jina? Mwanzoni nilidhani ni ya mambo ya katikati, yale ambayo gavana hana mamlaka nayo ila anaweza kwenda kugonga mlango Nairobi. Akisema, "Nitakwenda kudai sehemu yetu ya mrabaha wa madini," yaani malipo ya wachimbaji kwa serikali, hiyo ni kauli halali, andika hapo. Baadaye niliipa kazi nyingine, nitaieleza mbele.

Ahadi ikishaingia upande wa LAKE, uliza pesa

Soko lenye barafu ni zuri. Barafu inataka umeme, umeme unataka bili. Pesa za kaunti zinatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka Nairobi. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, halafu mgao wa kila moja unatoka kwa kanuni ya hesabu inayopitishwa na Seneti. Nyingine kaunti inajikusanyia: leseni, kodi za majengo, ada za soko, maegesho, na sisi wenye matenga.

Shika namba mbili tu, zinatosha kumtoa mgombea jasho. Asilimia 30: sheria yao ya fedha za umma inataka angalau kiasi hicho cha bajeti ya kaunti kiende kwenye maendeleo. Asilimia 35: kanuni zinasema mishahara isizidi hapo katika mapato ya kaunti. Sasa mgombea akisema ataajiri vijana wa kila wadi, na Kwale ina wadi 20, muulize kwa adabu: "Mheshimiwa, hivi sasa mishahara inakula asilimia ngapi?" Kama hajui, hajui anachokiahidi.

Jibu la kweli hulipati jukwaani. Mdhibiti wa Bajeti wa Kenya hutoa ripoti mara kwa mara, kaunti moja baada ya nyingine: kilichopangwa, kilichotumika, na katika kilichotumika ni kipi kilikwenda kwenye maendeleo na kipi kwenye mishahara na safari. Mwambie mwanao mwenye simu nzuri akufungulie. Ni kurasa nyingi na zinachosha, lakini wewe tafuta jedwali la kaunti yako tu, usome mstari wa maendeleo, ufunge. Mimi mpwa wangu hunisomea Ijumaa tukishatoka kula. Ananiuliza, "Shangazi, wewe haya yanakuhusu nini?" Namwambia asome tu.

Mtazame mtu mwenyewe, na aliye nyuma yake

Kwanza tofautisha mtarajiwa na mgombea. Watu wanaoitwa wagombea mapema hivi ni watu wanaotaka tu. Wengine watakatwa kwenye mchujo wa chama, wengine watauziana nafasi, wengine watatokea wakiwa wagombea huru. Orodha ya kweli ni ile itakayopitishwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, ile wanayoiita IEBC. Lazima mtu awe na shahada ya chuo kikuu, na asiwe ameshaongoza mihula miwili. Kwa hiyo usigombane na shemeji yako kwa ajili ya jina ambalo pengine halitafika kwenye karatasi.

Halafu tazama alikotoka. Kwale ni rahisi kuifuata, maana historia yake ni fupi. Salim Mvurya aliongoza 2013 hadi 2022, mihula yake miwili ikaisha, baadaye akawa waziri Nairobi. Naibu wake kwa miaka yote hiyo alikuwa Fatuma Achani, na mwaka 2022 yeye ndiye aliyechukua kiti kwa tiketi ya chama cha UDA, mmoja wa wanawake 7 walioshinda ugavana nchi nzima mwaka ule. Katiba inamruhusu kuomba muhula mmoja zaidi. Sasa mtu wa namna hii anapimwaje? Mimi nasema hivi: mpishi aliyeko jikoni tangu 2013 haulizwi atapika nini. Anaulizwa kilichopikwa kiko wapi. Mpeleke mguu kwa mguu: zahanati hii ilijengwa lini, ina muuguzi, ina dawa leo? Anayempinga naye asikwepe. Kama alikuwa mbunge, alikuwa na mfuko wa jimbo, alifanya nini nao? Kama alikuwa mwakilishi wa wadi, alikuwa ndani ya bunge la kaunti linalopitisha bajeti ileile anayoilaani.

Mombasa mambo ni hayohayo na majina mengine. Hassan Joho alikaa mihula miwili, akafuata Abdulswamad Nassir wa chama cha ODM, aliyekuwa mbunge wa Mvita. Kilifi alianza Amason Kingi, sasa ni Spika wa Seneti, akaja Gideon Mung'aro. Wote wawili, Nassir na Mung'aro, waliingia 2022, kwa hiyo nao Katiba haijawafungia.

Watu wa Mombasa watamkumbuka Mike Sonko. Alikuwa gavana wa Nairobi, akaondolewa Desemba 2020: bunge la kaunti lilimshtaki, Seneti ikamkuta na hatia. Mwaka 2022 akahamia pwani kuutaka ugavana wa Mombasa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, jina lake halikufika kwenye karatasi. Nalitaja kwa sababu shangazi yangu mmoja wa Likoni alikuwa ameshashona nguo ya kampeni. Kabla hujashona, uliza kama mtu huyo ameshawahi kuondolewa kwenye ofisi ya umma.

Na naibu! Watu wanamsahau kabisa. Naibu gavana hapigiwi kura yake peke yake. Mgombea anamchagua, mnawanunua wote wawili kwa bei moja, kama tenga ambalo machungwa ya chini huyaoni. Gavana akifa au akiondolewa, huyu ndiye anayekalia kiti. Nyeri ilitokea 2017, gavana alikufa kwa ajali miezi michache tu baada ya kuapishwa. Bomet ikatokea 2019. Meru gavana aliondolewa, naibu akaapishwa 2025. Nairobi, Sonko alipoondolewa hakuwa na naibu hata mmoja, yule wa kwanza alishajiuzulu zamani, ikawa vurugu ya mahakamani mwaka mzima. Mimi tenga nalipindua kabla ya kulipa. Fanya hivyo kwa naibu.

Donda langu: ushuru

Kwenye kabati nina kopo la biskuti lililojaa risiti. Nikiwa na hasira huwa nalifungua, nikiisha kulifungua huwa na hasira zaidi. Kuna risiti mbili nimezibana pamoja kwa pini ya hijabu. Siku moja, gari moja, matenga yaleyale 60. Ya kwanza ilikatwa saa 1 asubuhi, ya pili saa 10 jioni, ndani ya kaunti ileile, ambayo sitaitaja kwa sababu bado napita. Yule kijana wa kizuizi cha pili nilimpa risiti ya kwanza. Aliitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi ya watu asiowajua, akanirudishia. "Mama, hiyo ni ya kule." Kule wapi? Tulikuwa tunakiona kilima chake.

Ushuru wa mazao wenyewe wanauita sesi. Kila kaunti ina viwango vyake, na vinapangwa upya kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo gavana na mawaziri wake wanaipeleka kwenye bunge la kaunti. Kabla haijapita, wananchi lazima waitwe watoe maoni. Watu wa sokoni hawaendi kwenye vikao hivyo, halafu wanalia mwaka mzima. Na Katiba, kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna ya kuvuruga biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri. Nilipoonyeshwa kifungu hicho mara ya kwanza nilikisoma kwa sauti kwenye gari, dereva akasema, "Ukawasomee na wale wa kizuizi."

Swali langu kwa mgombea yeyote ni hili, na nimempa mtoto wa mjomba aliulize kwa niaba yangu, maana yeye ni mpiga kura na mimi ni mpita njia: "Sheria yako ya kwanza ya fedha, risiti moja ya mazao itatosha kaunti nzima, ndiyo au hapana?" Aliuliza kwenye mkutano mmoja. Akajibiwa, "Dada yangu, wafanyabiashara ni uti wa mgongo wa uchumi wetu," muziki ukawashwa.

Hapo ndipo ile safu ya tatu ilipopata jina. Niliandika juu yake: HAKUJIBU. Nakwambia, inajaa haraka kuliko nyingine zote.

Wewe kama wewe, usiingie pasipo pako

Kuna watu wana kitambulisho cha huku na cha kule. Tunajuana, hatutajani. Lakini elewa unapocheza: sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya inaruhusu tangu Katiba yao mpya, lakini ruhusa ya Kenya haikusaidii ukiulizwa kituo cha polisi cha Chumbageni, hapa Tanga. Na kituoni wanatumia mashine inayosoma vidole. Mwenye kura akapige kwake, basi.

La pili ni leso. Wagombea wa pwani wanagawa leso zenye sura zao, jina la mgombea limekaa pale pale ambapo kwenye leso ya kawaida pangekaa mithali. Nimeshapewa 3. Moja kitambaa chake ni kizuri sana, pamba hasa, mpaka leo nafunikia ndizi zikivundikwa. Lakini siivai barabarani. Wateja wangu ni wa vyama vyote, na mimi ni mgeni. Waja leo, waondoka leo. Mgeni akishavaa rangi ya chama, siku bei ya machungwa ikipanda ataambiwa anawakomoa wapinzani.

La tatu, hizi sauti na video. Ikifika kwako ya mgombea anatukana kabila au dini, usiirushe kwenye kundi la familia. Uliza kwanza: ilirekodiwa wapi, lini, nani alikuwepo? Hata ile sauti ya harusi ya Vanga sikuituma kwa mtu, ingawa niliisikiliza mpaka nikawa kama nilikuwepo.

Wiki ya kura

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi, hufungwa saa 11 jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo anapiga. Kura zinahesabiwa palepale kituoni. Matokeo ya gavana yanaandikwa kwenye fomu 37A, ya jimbo yanajumlishwa kwenye 37B, na ya kaunti nzima yanatangazwa kwa 37C. Fomu ya kituo hubandikwa mlangoni, kila mtu anaisoma na kuipiga picha. Mwambie ndugu yako asikutumie "wanasema kashinda." Akutumie picha ya fomu, yenye namba na sahihi. Anayepinga matokeo ana siku 28 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina miezi 6 ya kuamua. Mtu akikwambia tarehe 12 kwamba yote yameisha, mkumbushe hilo.

Usiichukulie tarehe kama msumari pia. Mwaka 2022 karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega zilikutwa na picha za wagombea wa kwingine. Rais, wabunge na wengine walipigiwa tarehe 9 Agosti kama kawaida, ila ugavana wa kaunti hizo mbili ukangoja mpaka tarehe 29. Ndugu zangu wa Mombasa walipanga foleni mara mbili mwezi mmoja.

Kwa wenzangu wa mzigo: Agosti machungwa ya Muheza bado yapo, na chungwa halijui siasa, likikaa linaoza. Mimi mzigo wangu wa mwisho utavuka mpaka pale Horohoro Alhamisi tarehe 5 Agosti 2027, ufike Kongowea Ijumaa alfajiri, uishe Jumamosi. Pesa iliyoko kwa madalali nitaidai kabla ya Jumapili, maana wiki ile kila mtu atakuwa na sababu ya kutolipa. Kuanzia hapo sinunui mtini mpaka nisikie matokeo ya urais yametangazwa. 2022 yalitangazwa tarehe 15, siku 6 baada ya kura, na siku hizo 6 madereva wengi walikuwa hawataki safari. Dereva wangu nimeshamwambia. Amesema wiki hiyo atakuwa kwao Maramba, anapaua nyumba, tusimpigie simu.